Makombo ya Mkasi

Mjini Setúbal mtu husamehewa ulevi, husamehewa uvivu, na akiomba vizuri husamehewa hata mke wa pili ng'ambo ya mto, lakini hasamehewi ngisi mgumu. Ngisi wa kukaanga ndiye anayeutia mji ule midomoni mwa watu, na kila mgahawa huapa kwamba migahawa mingine inakaanga raba. Mtaani Fontainhas ilikuwepo miwili, ikitazamana kama wake wenza: upande wa jua wa Perpétua Carapinha, upande wa kivuli wa wifi yake, Hermínia. Ubishi ulikwisha zamani. Ngisi wa Perpétua alikuwa laini kiasi kwamba vikongwe wasio na jino walimaliza sahani, wakabaki wananyonya ndimu.

Aliyeleta ngisi hao ni mumewe, Anselmo, na hapo ndipo penye neno, maana Anselmo hakuwa mvuvi wa kutajwa. Hakuwa na madema ya kutegea, na nyavu zake zilioza akizitazama. Alichokuwa nacho ni boti ndogo ya injini, wavu wa mpini mrefu wa kuchotea, na pomboo mmoja.

Pomboo wa mto Sado si wapita njia. Wamezaliwa palepale mlangoni mwa mto, hapo wanakaa na hapo wanakufa, na wamebaki wachache kiasi kwamba watu wa gati wanamjua kila mmoja kwa pezi lake la mgongoni, lililochanika hapa au kupinda pale, kama unavyomjua jirani kwa mwendo. Pomboo wa Anselmo alikuwa jike kongwe, na jina lake Mkasi. Hilo hakupewa kwa ajili ya pezi, alipewa kwa kazi. Ngisi wa Sado ana mfupa mweupe mgongoni, ule ambao watu huwatundikia ndege kizimbani wanolee midomo, na mfupa huo haumezeki kwa raha. Wenzake Mkasi wengi humwacha ngisi wakatafuta samaki. Yeye alimdaka, akamkata shingoni safi, akameza kichwa na minyiri yake, ile mikono myembamba ya kunasia, akauachia mto mwili mzima, mfupa, wino na yote. Ufundi huo alifundishwa na mama yake. Haukuwa wa pomboo wote, ulikuwa wa ukoo.

Miili ile myeupe huibuka ikaelea, na majira ya kuchipua, ngisi wanapoingia mtoni kutaga, mtu mwenye macho anaweza kuokota kitoweo bila kutia ndoana majini. Watu huokota. Lakini yako mazoea ambayo hayakuandikwa popote na hakuna asiyeyajua: makombo ya pomboo huliwa nyumbani, pamoja na watu wako, mlango umefungwa. Hayauzwi. Kumuuzia mtu makombo ya mnyama, naye ametoa hela yake na kufunga kitambaa shingoni, ni aibu ambayo mji ule haujaipatia hata jina.

Anselmo aliokota wa kwanza kwa ajili ya nyumbani. Siku hiyo mgahawani ngisi waliisha, wageni wangalipo, na Perpétua akaangalia jikoni, akaangalia mlangoni, akakaanga. Wageni waliomba tena. Tangu hapo haikuwa bahati tena, ikawa kazi. Kila alfajiri Anselmo alimfuata Mkasi kwa nyuma, na kila mchana mji ulisifu mkono wa Perpétua. Ngisi aliyekufa dakika chache zilizopita, tena baada ya kurushwarushwa na pomboo, hahitaji mkono wa mtu kuwa laini, lakini nani angesema?

Mmoja alijaribu. Kaka yake Perpétua, Belarmino, ndiye mume wa Hermínia wa ng'ambo ya barabara, mvuvi wa madema na mwenye mdomo mpana kuliko wote bandarini. Ukitaka habari ifike Lisbon kabla ya treni, mnong'oneze Belarmino. Huyu alikuwa akivuka barabara makusudi, akaketi mgahawani mwa dada yake na kuuliza swali lilelile.

"Dada, leo naomba vichwa. Minyiri ile inayokauka vizuri, na chumvi kidogo."

"Hakuna vichwa."

"Jana hapakuwa. Juzi hapakuwa. Hawa ngisi wako wanazaliwa bila vichwa?"

"Vichwa vinavyofikiri haviji hapa kuuliza maswali," alijibu Perpétua, na meza zote zikacheka. Belarmino naye alicheka, ila alipotoka aligeuka kumtazama Anselmo, naye Anselmo akawa anafuta glasi iliyokwisha futwa.

Juu ya meza ile aliyopenda kukaa Belarmino, ukutani, yalitundikwa makasia ya Anselmo. Perpétua aliyaweka pamoja na kipande cha wavu na dagaa wa plastiki, wageni wa Lisbon wapate cha kupiga picha. Anselmo aliwahi kusema kwamba mtu hatoki majini bila makasia.

"Na injini ni ya nini?" mkewe alimwuliza. "Ya kupikia chai?"

Mwaka huo wa hadithi yetu, wiki chache kabla ya Pasaka, Mkasi alizaa.

Habari ilipita mtaani mlango kwa mlango. Mtoni hapakuwa na mtoto aliyenusurika kwa miaka mingi. Mkasi mwenyewe alikwisha kupoteza wawili, na wa pili alimbeba akiwa mfu, akimsukuma juu kwa pua apumue, hadi akaachana naye mwenyewe. Umri wake ulijulikana. Huyu alikuwa wa mwisho, na akifa yeye, ufundi wa kukata ngisi ungeingia kaburini na mama yake. Padri alimtaja mtoto yule baada ya misa, kwenye matangazo, kati ya harusi na bomba la maji lililopasuka.

Mtoto wa pomboo hutoka tumboni na mikunjo ubavuni, mistari iliyopauka, kwa sababu alikuwa amekunjwa mle ndani. Watu wa Setúbal husema hajapigwa pasi. Na mtoto ambaye hajapigwa pasi haendewi. Ukimwona unazima injini au unazunguka mbali, hata kama mama yake alikutobolea wavu jana. Sababu wanaijua tangu utotoni. Pomboo mkubwa hulala nusu ubongo, nusu nyingine ikikesha, lakini majuma yale ya mwanzo mama na mwana ni kama hawalali kabisa, wanaogelea usiku na mchana. Mtoto hana mafuta ya kumwelesha. Akisimama anazama. Hubebwa na wimbi la ubavu wa mama yake, hunyonya chini ya maji kwa haraka, huko nyuma karibu na mkia kwenye matiti yaliyofichwa, kisha hurudi ubavuni. Hana mahali pengine duniani.

Anselmo alifurahi, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Alikuwa amemfuata mnyama yule miaka mingi kuliko alivyomfuata mtu yeyote. Aliitia nanga boti yake, akamwambia Perpétua anunue ngisi sokoni kama watu wote. Perpétua alinunua. Siku ya kwanza wateja walitafuna kimya. Siku ya tatu mzee mmoja wa shirika la reli aliacha nusu ya sahani, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea, na Hermínia akaonekana amesimama mlangoni kwake, mikono kifuani, akitabasamu kwa barabara nzima.

"Wiki ya Pasaka meza zote zimeshikwa," Perpétua alisema usiku huo, akisugua kikaango. "Watu wanatoka Évora."

"Mtoto hajapigwa pasi."

"Nani kakwambia umguse mtoto? Nenda ukae mbali. Kinacholetwa na maji, kimeletwa na maji."

"Perpétua."

"Mimi nimesema ukae mbali. Hukusikia?"

Alisikia. Ndiyo maana alikwenda, maana mume akitaka kufanya kosa hutafuta kwanza neno la mkewe la kujifunika.

Alhamisi ya wiki ile ya Pasaka, maji yakianza kupwa, Anselmo alizima injini mbali na ukingo wa nyasi za bahari na kukaa kama mtu mwenye adabu. Mkasi alikuwa kazini. Alionekana pezi, akazama, na baadaye kidogo mwili mweupe ukaibuka na wingu la wino. Mtoto alimwachia jike mwingine, Msumeno, maana pomboo nao wana mashangazi, mama hawezi kuwinda na kulea kwa pumzi ile ile. Yote yalikuwa sawa. Mkondo ungemletea Anselmo fungu lake bila yeye kunyanyua kidole.

Kisha wakaja shakwe. Shakwe hana habari ya mazoea ya mji wa Setúbal. Walianza kudonoa miili ile, na Anselmo, aliyekuwa akiwaona watu wa Évora wameshafunga vitambaa shingoni, aliwasha injini. Alikata katikati ya maji, wavu mkononi, macho mbele, akachota mmoja, akachota wa pili, akaifuata miili na mkondo kuzunguka ncha ya fungu la mchanga. Kreti ya kwanza ilijaa. Upande wa kushoto, alikokuwa Msumeno na mtoto, hakutazama hata mara moja.

Alipopunguza mwendo alisikia pumzi karibu na kiwiko chake. Ilikuwa ndogo, kama ya mtoto anayezima mshumaa.

Alikuwa pale, ameganda ubavuni mwa boti, mahali hasa pa kukaa mtoto ubavuni mwa mama, akibebwa na wimbi la boti bila kupiga mkia. Mistari ya mikunjo ilionekana wazi. Boti ilikuwa imepita kati yake na shangazi yake, na mtoto wa majuma machache hana hoja nyingi: kilicho kikubwa, kinachokwenda, kinachombeba, ndicho mama. Jicho lake moja lilikuwa limeelekea mbao za boti kwa imani yote.

Kusema ukweli, kitu cha kwanza alichosikia Anselmo kilikuwa raha. Hakuwahi kumwona karibu hivyo. Raha ile haikudumu, kwa sababu mtoto alianza kurudi nyuma taratibu, amelala upande, pua yake ikipapasa mbao, akishuka kuelekea mkiani mwa boti. Alikuwa na njaa. Alikuwa anatafuta titi, na palipotakiwa kuwa na titi palikuwa na panga za injini.

Anselmo aliizima kwa ngumi.

Kimya kikaingia, na baada ya kimya, mkondo. Boti ilianza kuchukuliwa kuelekea mfereji wa kina, njia ya feri za Tróia na meli za saruji. Mtoto alipoteza wimbi lake. Alizunguka boti, akaigonga, akazunguka tena, na pumzi zake zikawa za karibu karibu. Kuwasha injini ni kumkata. Hata kama asingemkata, kelele yake ingemziba masikio. Kila pomboo ana mluzi wake mwenyewe kama mtu alivyo na jina, na mama aliyezaa huurudia wake mchana na usiku hadi mtoto aushike. Kwa hakika Mkasi alikuwa anaita sasa hivi, nyuma ya fungu la mchanga, na katika ngurumo ile mtoto hakuwa amesikia hata herufi moja. Palitakiwa mwendo usio na kelele. Palitakiwa makasia, na Anselmo aliyaona vizuri kabisa, ukutani, juu ya meza, na dagaa wa plastiki katikati.

Ng'ambo ya mfereji mtu mmoja alikuwa akipandisha madema. Hakuhitaji kumtazama mara mbili. Kofia ile nyekundu ya Belarmino ilijulikana mji mzima.

Anselmo akatazama kreti zake. Ngisi wamepangana, weupe, bila kichwa hata kimoja. Likamjia wazo kwamba mtoto akifa, maana watoto wa pomboo hufa tu, hakuna atakayejua. Wazo la kwanza halina mwenyewe, heri mtu asihukumiwe kwalo. La pili lilikuwa kumwaga ngisi majini kwanza, ndipo aite. Alishika wawili akawatupa. Wakaelea palepale kando ya boti, weupe, kama mashahidi wawili walioitwa mahakamani, na mtoto akakimbilia mshindo wa maji akidhani ni kitu cha kwake. Anselmo alikaa chini. Alisikia aibu, na chini ya aibu alisikia woga, na woga haukuwa wa Belarmino. Basi akasimama, akatia vidole mdomoni, akapiga mbinja ambayo hakuipiga tangu ujana.

"Shemeji! Njoo na makasia! Usiwashe injini!"

Belarmino alikuja akivuta makasia kwa haraka ambayo hakuna aliyemdhania. Alipomwona mtoto alivua kofia.

"Umefanya nini, wewe?"

"Amenifuata."

"Amekufuata. Kama mkoba wa jirani unavyomfuata mwizi." Aliinama kutazama. "Huyu hajapigwa pasi."

"Najua."

"Kama ungekuwa hujui ningekuhurumia. Makasia yako yako wapi?"

"Unayajua yaliko. Unakula chini yake."

Belarmino alitupa nanga ya boti yake, akaifungia boya, akaingia katika boti ya Anselmo na makasia yake mawili. Aliruka kreti bila kuziangalia, au alifanya kama hakuziangalia. Wakaketi sako kwa bako, kila mtu kasia lake, wanaume wawili ambao kwa miaka sita hawakuketi benchi moja hata kanisani.

Boti iliposogea, wimbi dogo likainuka ubavuni, na mtoto akalirudia. Akaganda tena. Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana maji yalikuwa yanapwa kwa nguvu na wao walikuwa wanapanda. Wakipunguza, mtoto analegea na kushuka. Wakivuta sana, anabaki nyuma. Ilibidi waende kwa mwendo wa mama yake, wala si wa mikono yao. Mzaha ulimwisha Belarmino mapema. Shingo yake ikawa nyekundu kuliko kofia, na Anselmo akaanza kusikia moyo unapiga mahali ambapo haukuwa na ruhusa ya kupiga.

"Tunaenda wapi?" Belarmino aliuliza baada ya muda. "Mto ni mpana. Unajua aliko?"

"Nilimwacha kwenye nyasi. Hatakuwa pale tena, anamtafuta."

"Basi sikiliza. Au hilo nalo umelitundika ukutani?"

Anselmo alikuwa amelisahau, kweli. Baba zao wote wawili walisikiliza mto kwa kasia: unatumbukiza bapa majini, unauweka mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio, na maji yanakuja kichwani mwako na kila kilichomo. Aliacha kuvuta akasikiliza. Kwanza alisikia mchanga ukikokotwa na mkondo. Akasikia mashine ya feri, mbali. Kisha, upande wa kushoto, mluzi mwembamba unaopanda, unashuka, unapanda tena na kukatika. Ukarudi vilevile. Ukarudi vilevile. Hapakuwa na nafasi kati ya mmoja na mwingine hata ya kumeza mate.

Miaka yote ile alimfuata kwa macho, akiwa amekalia injini. Sauti yake hakuwahi kuisikia.

"Yuko wapi?" Belarmino alinong'ona.

"Kushoto. Nyuma ya mchanga. Anaita."

"Bado anaita?"

"Hajanyamaza."

Waligeuza boti. Waliivuta hadi ncha ya fungu la mchanga, na walipoipita tu mtoto aliondoka ubavuni mwa boti kana kwamba ameng'olewa. Hakugeuka. Chini ya maji kivuli kirefu kilipita upande wa Anselmo, karibu kiasi cha kuonyesha makovu yote ya mgongoni, na juu yakaibuka mapezi mawili, kubwa na dogo, yamegusana. Yalikwenda juu ya mto bila haraka. Msumeno alijiunga nayo kwa nyuma, mbali kidogo, kama shangazi aliyeharibu kazi. Mkasi hakuwatazama wanaume wale, na sijui kwa nini angewatazama.

Wakaketi na makasia mapajani. Belarmino alijifuta uso kwa kofia, akavuta pumzi, na ndipo sasa akazitazama kreti. Alizitazama kwa muda mrefu, kreti moja baada ya nyingine, kama mtu anayesoma barua ya mapenzi ya mkewe kutoka kwa mwanamume mwingine.

"Vichwa viko wapi, shemeji?" aliuliza polepole.

Anselmo alimwonyesha kwa kidevu mapezi yaliyokuwa yanapotelea mtoni.

Belarmino alitikisa kichwa. Miaka sita aliuliza, na jibu lilipofika halikumpa raha aliyoitarajia. "Na mimi nimekula," akasema. "Nimelipa na nimekula. Niliwasifu hata mbele ya mke wangu, nikalala sebuleni wiki nzima."

"Utasema?"

"Unanijua. Nitajitahidi hadi saa nne."

Alijitahidi hadi saa tano, na hiyo kwake ni sadaka kubwa. Lakini Anselmo alikuwa ametangulia nyumbani. Alimkuta Perpétua anatandika vitambaa vya meza, akamweleza yote, akianzia kwa shakwe na kuishia kwa mluzi. Perpétua alipanda juu ya kiti, akateremsha makasia, akayapangusa vumbi kwa aproni na kuyasimamisha mlangoni.

"Anapumua?" aliuliza.

"Anapumua."

"Basi katupe zile kreti. Hapana, ngoja. Hata kutupa ni dhambi. Wapelekee masista wale wanaotunza wazee, uwaambie zimetoka wapi. Wakikataa ni shauri lao."

Masista hawakukataa. Watu wa Évora ndio waliokataa. Pasaka ile meza za Perpétua zilikaa tupu na vitambaa vyake vyeupe, na ng'ambo ya barabara watu walisimama wakisubiri nafasi kwa Hermínia. Baadaye wakaanza kurudi mmoja mmoja, si kwa njaa, kwa utani. Waliketi wakauliza kama Mkasi hajambo, kama leo amekata kwa mkono wa kulia au wa kushoto, na kama mchuzi nao ameutema yeye. Anselmo akaitwa Kombo hadi na mpiga kengele wa kanisa. Perpétua aliwahudumia ngisi wa sokoni, aliyemponda kwa mchi jikoni kila alfajiri hadi majirani wakalalamika, na alikuwa ngisi mzuri wa kawaida, mwenye kichwa. Ule ulaini wa zamani haukurudi tena katika nyumba ile, na hakuna aliyejidanganya.

Mtoto alipigwa pasi. Mikunjo ilifutika kabla ya kiangazi kwisha, na mji ukapumua. Anselmo alinunua madema kidogo kidogo, akajifunza kwa shemeji yake kuyatega, akawa anatoka kwa makasia kwa sababu nyasi za bahari huzonga panga za injini. Hiyo ndiyo sababu aliyowapa watu. Kila asubuhi, kabla ya dema la kwanza, aliweka mpini wa kasia nyuma ya sikio.

Majira ya kuchipua ya pili baada ya ile Pasaka, akiwa na Belarmino majini, kila mtu na boti yake, waliona pomboo kijana akihangaika pembeni mwa nyasi. Mkasi alikuwa kando yake, amekaa tu, hawindi. Kijana alidaka, akaachia, akadaka tena, akatikisa kichwa, wino ukaenea kote. Mwishowe kikaibuka kitu, na mkondo ukakileta polepole katikati ya boti zile mbili.

Alikuwa ngisi, au sehemu yake. Kichwa kilikuwa kimetoka pamoja na robo ya mwili, mfupa umevunjika katikati, na minyiri miwili ilisahaulika, inaning'inia kwenye ngozi. Fundi gani angekubali kuonyesha kazi ile?

Anselmo alikitazama kikimpita. Mikono yake ilibaki kwenye makasia.

"Chukua," Belarmino alisema.

"Siokoti tena. Unajua."

"Shakwe wanakuja."

"Waje."

"We Kombo, sikiliza. Makombo ni ya nyumbani. Hakuna aliyekukataza ya nyumbani." Kisha, kwa sauti ya chini isiyo ya kwake, "Mtoto wa watu kakata wa kwanza. Utawaachia ndege?"

Anselmo aliinama akamchota kwa mikono miwili.

Mchana ule Perpétua alifunga mgahawa saa za kazi, jambo lililomfanya Hermínia avuke barabara kuuliza nani kafa. Akaingizwa ndani, na mlango ukafungwa. Ngisi mmoja aliyechanwachanwa aligawiwa watu wanne. Wino ulikuwa umeingia nyamani na vipande vya mfupa vilibaki humo, na alikuwa mgumu, mgumu kuliko ngisi yeyote aliyewahi kukaangwa Fontainhas. Walitafuna kwa muda mrefu. Perpétua akamsukumia kaka yake ile minyiri miwili, na Belarmino, aliyeiomba miaka sita, aliitia chumvi kidogo akaila yote.